Kuwashwa Bila Upele, na Kazi ya Kujihesabu

(Mazungumzo yaliyofanyika kwenye ukumbi wa skuli moja, Chake Chake. Yameandikwa kama yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)

Assalaam alaykum. Nashkuru mumekuja, na wale wa nyuma sogeeni mbele, kuna viti vitupu na mie sauti yangu ndogo, nimesomesha miaka 22 bila ya maiki lakini siku hizi nikisema kidogo tu pumzi zishakwisha.

Mie si daktari, nisije nikaulizwa maswali ya daktari hapa. Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi na ni mgonjwa, na nilichokuja kusema ni kimoja. Haya maradhi yangu, ya ini, yanaitwa PBC kwa kifupi, ni ya watu wachache, na kila pahala yaliposogea hatua, ukitizama vizuri unamkuta mgonjwa aliyekubali kufanya kazi isiyo na sifa, kujaza fomu, kutoa damu, kuandikwa jina. Si mshindi wa mbio wala tajiri aliyetoa hundi. Sasa nataka nikuelezeni kazi hiyo ilivyofanywa kwengine na kwa nini siye huku bado hatumo.

Naanza na mwasho kwa sababu ndo ulionianza. Mwaka 2010 nlikuwa nna miaka 41, ukaanza viganjani na chini ya nyayo, mchana nafuu, ikishaingia usiku basi. Ngozi haina upele, haina kipele hata kimoja, unajitizama hivi huoni kitu lakini unataka uing'oe. Nikajikuna kwa kitana, kitana kikavunjika meno, nikajikuna kwa gunzi la muhindi, wallahi gunzi la muhindi, na usiku nlikuwa naroweka kanga kwenye ndoo naikamua najifunika nalala chini kwenye saruji kwa sababu ubaridi unatuliza kidogo, na godoro liko pale na mume yuko pale ananitizama hana la kufanya. Nimepewa dawa ya upele nikajipaka mpaka shuka zikanuka. Nimepewa dawa za minyoo. Nimeambiwa aleji, nikaacha pweza, nikaacha dagaa, nikaacha maembe, na nyinyi munajua mtu wa Pemba kuacha pweza ni jambo gani. Nimeogea mwarobaini, nimekunywa kombe, simdharau mtu aliyenisaidia kwa nia njema lakini hakuna lililosaidia.

Na kuna jambo hapa la lugha sijasikia mtu akilisema. Mwanamke wa kwetu ukimuuliza hospitali 'unawashwa?' anaelewa vyengine. Anaona umemuuliza mambo ya siri, na daktari mwenyewe kijana mdogo, basi anajibu siwashwi, yameisha hapo, anaondoka na mwasho wake. Mie nlijibu hivyo mara mbili! Mpaka akaja muuguzi mmoja mtu mzima akauliza vyengine, 'viganja na nyayo, usiku vinakulaza?' Nikalia pale pale kwenye kiti, kwa sababu ndo mara ya kwanza mtu kauliza swali lenyewe.

Nikapelekwa Dar, vipimo, ultrasaundi, damu. Ikaonekana kipimo cha damu kinachoitwa ALP, kile kinachopanda nyongo ikikosa njia, kiko juu sana, kisha damu ikapelekwa kutafutwa antibodi fulani, yaani askari wa kinga ya mwili, ambayo wagonjwa kama mie karibu 95 katika kila 100 wanayo. Ikaonekana. Ndo PBC yenyewe. Kinachofanyika, kwa maneno ya mie mwalimu, ni kwamba ndani ya ini mna mirija midogo midogo inayopitisha nyongo, na kinga ya mwili, badala ya kupigana na wadudu, inaigeukia mirija hiyo inaila polepole. Nyongo inakosa njia inabaki ndani ya ini, ini linapata kovu juu ya kovu, kwa miaka. Katika kila wagonjwa 10, tisa hivi ni wanawake, wengi wanagundulika baina ya miaka 40 na 60. Wanaume wachache lakini wapo, na wao mara nyingi hugundulika wamechelewa, kwani nani atamfikiria mwanamme.

Haya, sasa karatasi. Mwaka ule, 2013, karatasi yangu iliandikwa jina la zamani, lile lenye neno sairosisi ndani yake. Nikarudi nyumbani nayo kwenye bahasha. Shemeji yangu kasoma kidogo, kaichukua kaisoma pale ukumbini watu wamekaa wanakunywa chai, akasema, 'Sairosisi si ndo maradhi ya walevi?' Hakuna aliyemjibu. Nasikia mpaka leo kijiko cha mama mkwe kilivyosimama kwenye kikombe. Mie jamani tembo la mnazi sijawahi kulionja, labda ile siki kwenye achari kama na hiyo inahisabiwa. (Watu wanacheka.) Mumecheka, lakini miezi ile hakuna aliyecheka. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kusoma kwangu jioni, wakapungua. Hakuna aliyeniambia kitu uso kwa uso. Walipungua tu.

Na huo sio uchungu wa mie peke yangu wala wa Waislamu peke yao, ndo nlivyokuja kujua. Jina lile lilishika tangu mwaka 1950, na miaka yote hiyo wagonjwa Uingereza, Marekani, kote, walikuwa wakitizamwa hivyo hivyo, na manesi, na mabosi, na bima. Na jina lenyewe lilikuwa uongo, kwa sababu sairosisi ni ini lililokwisha kufa makovu, na wagonjwa wengi siku wanayogundulika hawajafika huko, na wengine hawafiki kabisa. Madaktari wakubwa walilijua hilo zamani, wakaliandika na wakalijadili, na jina likabaki.

Sasa waliolisukuma. Edinburgh, Skotilandi, mwaka 1996 mgonjwa mmoja mwanamke, Collette Thain, alianzisha taasisi ya wagonjwa, PBC Foundation. Mgonjwa mwenyewe huyo, na walianza kwa kupokea simu za watu. Miaka ikapita, simu zikawa nyingi, na katika simu zile lalamiko likawa lile lile, jina, jina, jina. Mwaka 2014 wakalipeleka mbele ya madaktari wa ini wa Ulaya, wagonjwa wakaulizwa rai zao, madaktari wa nchi nyengine nao wakaulizwa, na mwaka 2015 likatangazwa kwenye majarida kadhaa ya kitabibu, sairosisi imetoka, imeingia kolanjaitisi, maana yake uvimbe wa mirija ya nyongo. Na waliangalia kitu kidogo ambacho mie napenda sana, walitafuta jina ambalo herufi zake zitabaki PBC, ile C ya mwisho ndo ikabadilika maana, ili mafaili ya zamani yasipotee na mgonjwa mkongwe asijione kaambiwa ana maradhi mapya. Hiyo ni akili ya mtu aliyewahi kutafuta faili lake hospitali.

Mwanangu wa kike akanichapia habari ile kwa Kiswahili karatasi moja. Nikaenda nayo kwa shemeji. Sikusema kitu, nimeiweka tu juu ya meza yake karibu na miwani. Kaisoma. Kesho yake kaleta ndizi. Chambilecho wazee, mtu haombi radhi ila kwa mkono, basi ndizi zile tulizila.

Mtaniambia jina na utafiti vipi. Jamani, mtu anayeona haya na jina la maradhi yake hajiandikishi. Asipojiandikisha hapana utafiti. Hiyo ndo njia yake, hakuna nyengine.

Tizameni hesabu. Ulaya wanayaita maradhi adimu yale yasiyozidi watu 5 katika kila 10,000. Daktari mmoja kwenye hospitali yake pengine ana wagonjwa wawili watatu wa namna hii, atajifunza nini kwa watu watatu? Waingereza wakafanya mradi wakauita UK-PBC, hospitali nchi nzima zikaambiwa ukiona mgonjwa muulize kama atakubali, damu kijiko na fomu. Mwaka 2011 wakatoa majibu, wagonjwa 1,840 kwanza, kisha wengine 620 wa kuhakikishia, na kwenye vinasaba wakaona sehemu mpya 12 zinazohusiana na maradhi haya. Kumi na mbili! Kabla ya hapo zilikuwa zinahesabika kwa vidole. Wajapani wakafanya ya kwao mwaka 2012 wakakuta na sehemu mbili ambazo kwa Wazungu hazikuwa zimeonekana. Sasa mie najiuliza, na nnakuulizeni na nyinyi, damu ya mtu wa Pemba, ambaye ndani yake kuna Mshirazi na Mmakonde na Mhadhrami na sijui nani, ingeonyesha nini? Hakuna anayejua kwa sababu hakuna aliyetuuliza, na hatukuwahi kujipeleka.

Jengine ni la uchovu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu uchovu huu ndo ulionitoa darasani. Si uchovu wa kazi. Nakaa chini kuchambua mchele, ungo magotini, nashtukia ungo umeinama na mchele uko chini na mie nimesinzia. Na kichwa kinakuwa kizito, nimewahi kusimama mbele ya darasa la nne na rejesta mkononi, mtoto niliyemsomesha miaka miwili jina lake limepotea kabisa, nikamwita 'wewe hapo'. Kamwambia mama yake mwalimu kasahau jina langu. Nikenda kliniki nikisema nimechoka, daktari anatizama karatasi ananambia mama damu yako nzuri safari hii. Nzuri! Na wala hakosei, ndo tabu yake, uchovu wa PBC haufuatani na hali ya ini, mtu ini lake zuri na hawezi kunyanyuka, mwengine ini baya na anatembea mpaka Wawi kwa miguu. Na hata aliyepandikizwa ini jipya uchovu mara nyingi unabaki.

Basi watafiti wa Newcastle, Uingereza, wakafanya kitu ambacho ukikisikia unaona ni cha kawaida na kumbe hakuna aliyekifanya. Wakakaa na wagonjwa wakawauliza yanayowasibu, wakayaandika maneno yao, wakayachuja mpaka yakabaki maswali 40. Mwaka 2005 wakakitoa, kinaitwa PBC-40. Kinauliza mwasho, uchovu, kusahau, mambo ya nyumbani na watu, moyo. Leo dawa mpya ikijaribiwa mgonjwa anapewa maswali hayo, na kampuni haiwezi kusema dawa yetu nzuri damu imeshuka na mgonjwa yuko macho usiku kucha. Yale maneno walitoa wagonjwa. 

Lakini ukija kuyaleta kwa Kiswahili urudi kule nilikoanzia, swali la kwanza tu la mwasho ushakwama, utauliza vipi mpaka bibi wa Micheweni asikuone huna adabu? Hapo hapatafuti profesa. Panatafuta bibi wa Micheweni akae aambiwe, hebu tusemee.

Dawa nitazipita haraka. Ipo inayoitwa urso, Marekani waliiruhusu kwa PBC mwaka 1997, hupimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 13 mpaka 15 kwa kila kilo kwa siku, na mie naimeza mpaka leo. Haiponyeshi ila kwa wengi inachelewesha. Neno urso maana yake dubu, kwa sababu asidi hii ilijulikana zamani kwenye nyongo ya dubu, na nlipolisikia hilo nikaacha dawa wiki mbili nikenda kuuliza kwa sheikh. Sheikh akaniuliza, 'Umeuliza inatengenezwa vipi sasa?' Sikuuliza. Kumbe ya leo hutengenezwa viwandani na mara nyingi huanzia kwenye nyongo ya ng'ombe. Wiki mbili zangu zimepotea bure, ulizeni mwanzo.

Kisha wapo wale ambao urso haiwafai, na hapa ndo mafaili ya watu yalifanya kazi. Vituo 15 vya Ulaya na Amerika Kaskazini viliunganisha mafaili ya wagonjwa 4,845, ya miaka na miaka, wakaonyesha mwaka 2014 kwamba ALP na bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo ikipimwa kwenye damu, zinabashiri mbele ya mgonjwa kukoje. Maana yake mtengeneza dawa halazimiki kusubiri miaka 15 aone nani kafa, anaweza kutizama damu. Mwaka 2016 ikapita dawa ya pili kwa njia hiyo, asidi ya obetikoli. Na msidhani mambo yalikwenda sawa, maana dawa hiyo ikaja kuonekana ushahidi wake haukutosha na kwa wenye ini lililochoka ikawa na khatari, Ulaya mwaka 2024 wakasema iondolewe, Marekani mwaka 2025 kampuni ikaitoa sokoni. Wapo wagonjwa iliyokuwa ikiwafaa na wakasikitika sana. Mie nalisema hili makusudi, mtu asije akatoka hapa akaenda kutangaza kwamba tukijiandikisha tu dawa inashuka kama mvua ya vuli. Mwaka ule ule wa 2024 Marekani zilipita mbili mpya, elafibranori na seladelpari. Kufika huku ni jambo jengine na bei yake msiniulize.

Sasa siye. Kuna mtu ataniambia mwalimu, utafiti ni mambo ya Wazungu. Nani kasema? Hapo Wawi tuna maabara ya afya ya jamii, ile ya Ivo de Carneri, iko tangu mwaka 2000. Nani hapa hajawahi kupewa kikopo skuli akaambiwa kakojoe ulete? Nyanyueni mikono. Haya tizameni, nusu ya ukumbi. Watoto wangu mwenyewe wa darasa la tatu nimewapanga foleni na vikopo vyao, mmoja kamwaga akatia maji ya bomba nikamkamata. Kichocho Pemba kimeshuka sana, na kushuka kwake kumo ndani ya vikopo vile, na watu wanaosoma habari za kichocho duniani wanaijua Pemba kuliko wanavyoijua Paris. Basi tusijifanye wageni. Siye ni watoa sampuli wakongwe.

Tofauti ni kwamba kichocho kilitutafuta nyumbani, wakaja na gari. Maradhi adimu hayatafutwi hivyo, gari haliji kwa watu watatu. Na watatu ndo tuliopo ninaowajua mie kwa uhakika, mie, mmoja yuko Unguja, na mmoja kahamia Muscat na huko ndiko alikogundulika. Sensa ya mwaka 2022 imetuhesabu Zanzibar watu 1,889,773. Ukichukua ile mipaka ya Ulaya, 5 katika kila 10,000, unapata watu 944. Sisemi wapo 944, hiyo hesabu ya ubao tu, huenda huku ni wachache mno, na ini huku linaharibiwa zaidi na homa ya ini aina ya B kuliko na haya yangu. Lakini baina ya 944 na watatu hapo katikati kuna watu, na wamelala kwenye saruji na kanga rowa.

Ndo tukaanza daftari. Na nieleze vizuri daftari ni nini kwa sababu imeshasemwa mtaani kwamba mwalimu anakusanya majina ya watu awapelekee wafadhili. Daftari si utafiti. Utafiti una ruhusa zake, una kamati ya maadili, una fomu ya ridhaa unasomewa na unakubali au unakataa, na ukikataa hudaiwi kitu, na mtu yeyote akija kukutoa damu bila ya hayo mfukuze hata kama kavaa koti jeupe. Daftari ni orodha ya watu waliosema tukitafutwa tupo. Basi. Mna jina, mwaka wa kuzaliwa, unawashwa wapi, usiku unaamka mara ngapi, macho na mdomo vinakauka au la, umewahi kupimwa ALP na ilikuwa ngapi kama unajua, na kama ndugu yako wa damu anayo. Na kipimo cha ALP ni cha kawaida, kile cha antibodi ndo kazi, damu yangu mie ilisafiri kuliko mie mwenyewe.

Kuna dada mmoja kaniletea kijikaratasi hapa, kauliza, nikijiandika mume wangu atajua? Hatojua. Daftari nakaa nalo mie, limo kwenye sanduku la marehemu mama, lile la misumari ya shaba, na ufunguo huu hapa shingoni. Ukitaka ufutwe nitakufuta mbele yako kwa wino.

Na babu pale kauliza kama wanaume waandikwe. Waandikwe babu, nimesema katika kumi mmoja ni mwanamme, tena njoo mwanzo kabla foleni ya kina mama haijajaa.

Daftari liko pale mezani karibu na birika. Andikeni kwa ile peni ya buluu, nyeusi imekwisha wino.